Mji Tuliouona Januari Tu

Mama yangu, Verna Noske, alikuwa na sharti moja tu kuhusu mji wa kustaafia. Alilitamka mezani, katika nyumba yetu ya zamani kaskazini mwa jiji la Adelaide, huku akipaka siagi kwenye mkate.

"Nusu saa," alisema. "Nipelekeni mji wowote mnaoutaka. Lakini hospitali yenye daktari anayelala palepale isizidi nusu saa kutoka mlangoni kwangu."

Baba akacheka. Jina lake ni Elroy, na wakati huo alikuwa bado na kicheko. "Mtu angedhani tunakutafutia wodi, si nyumba."

"Cheka tu. Mama yangu alikufa akingojea gari. Mimi gari sitalingojea."

Naandika haya kwa sababu siku ya maziko mchungaji alikuwa na dakika kumi, na ndani ya dakika hizo alisema kwamba Mama alikuwa mpishi hodari, mwimbaji wa sauti ya pili, na mtu aliyeipenda bahari. Simlaumu, alikuwa amekutana naye mara chache. Lakini Mama hakuipenda bahari. Kwake yalikuwa maji mengi yasiyofaa hata kufulia. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele na sikunyanyuka kumsahihisha. Acha nisahihishe sasa.

Alizaliwa mwaka 1950 kwenye shamba la ngano, mtoto wa nne kati ya sita, katika ukoo wa Walutheri ambao babu zao walitoka Ujerumani na ambao mpaka leo wanaoka keki ileile ya chenga za sukari na siagi, iwe harusi iwe msiba. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama yake alianguka chini ya kamba ya nguo. Gari lilikuwa moja, na Babu alikuwa nalo upande wa mbali wa shamba. Wakampigia simu jirani, kumbe jirani amekwenda mnadani na kondoo wake. Mama alikaa kwenye vumbi saa mbili nzima akimshikia mama yake mwavuli ili jua lisimpige usoni. Lori la jirani lilipofika, hapakuwa tena na sababu ya haraka.

Tangu hapo akawa mtu wa kujiandaa. Kando ya mlango wa mbele aliweka mkoba wenye nguo ya kulalia, miwani ya akiba na orodha ya dawa zake. Kila asubuhi, baada ya sala, alijipima presha na kuiandika kwenye kalenda ya kanisa. Alipika kwenye kantini ya shule ya msingi miaka ishirini na miwili, na watoto walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. "Sema tafadhali," alikuwa akiwaambia, "hukuzaliwa zizini." Wengine sasa ni watu wazima wenye ndevu, na walikuja kumzika.

Kiwanda cha magari alichofanyia kazi Baba kilipofungwa, hesabu ilikuwa rahisi. Pensheni yao isingetosha kuishi jijini mpaka mwisho. Wengi wa rika lao walikuwa wakiuza nyumba na kuhamia mahali pa bei nafuu, nao wakaanza kutafuta. Miji ya pwani iliyo karibu na jiji ilikuwa imeshachukuliwa na wenye fedha. Ikabaki miwili.

Wa Mama ulikuwa Lindenau, mji wa bara katikati ya mashamba ya ngano. Una hospitali ndogo yenye daktari, kanisa lenye mchungaji kila Jumapili, nyumba za matofali mekundu zisizotakiwa na mtu. Una joto la kukaanga yai, na nzi.

Wa Baba ulikuwa Port Maddern, kilomita karibu mia sita kutoka Adelaide. Huko ndiko tulikokwenda na karavani, kile kinyumba cha kukokotwa na gari, kila Januari kwa miaka ishirini na sita, kwenye kiwanja kilekile, namba kumi na tisa, chini ya msonobari uleule, karibu na majirani walewale waliotoka vitongoji vilevile. Kwetu mtu hachagui mji wa kustaafia kwa kuuchunguza. Anachagua mahali alipokuwa na furaha katika likizo, kisha anatafuta sababu.

Sababu Baba alikuwa nayo. Januari moja Mama alikanyaga kipande cha chupa ufukweni. Zahanati ilikuwa wazi, daktari yupo, akashonwa ndani ya dakika kumi.

"Dakika kumi, Verna!" Baba alikuwa akisema, miaka kumi baadaye. "Jijini ungekaa kwenye kiti mpaka magharibi."

"Huyo daktari anaishi pale?"

"Sasa anaishi wapi? Angani? Si ulimwona mwenyewe?"

Mama akanigeukia mimi. Niliona kwamba anataka nimuunge mkono, na nilijua ni kwa nini. Lakini nilikuwa na watoto watatu, na Port Maddern ilikuwa Januari yao pia. Nikasema, "Mama, Lindenau utakufa kwa upweke kabla hujafa kwa presha." Nilidhani nimesema neno la kuchekesha. Alicheka kidogo, kwa adabu, akaenda kuosha vikombe. Wiki ile Baba alitoa arubuni.

Walihamia mwezi Machi. Kufikia Mei, watu elfu nne wa likizo walikuwa wamebaki mia nne, na kibao cha zahanati kilikuwa kimebadilishwa. Mama alikwenda kuchukua dawa zake, akakisoma. Muuguzi siku mbili kwa wiki. Daktari Alhamisi moja, kisha inarukwa, kisha nyingine. Yule wa Januari alikuwa akiletwa wiki sita tu, kwa ajili ya watalii. Daktari anayelala palepale alikuwa mji mwingine, kilomita mia moja na kumi.

Alirudi nyumbani, akabandika birika jikoni, akavua kofia.

"Nusu saa, Elroy," alisema. "Kwa ndege ya vita?"

Kurudi hakukuwezekana. Bei za jijini zilikuwa zimepanda tangu wauze, na nyumba waliyoiacha wasingeweza kununua tena hata choo chake. Kwenda Lindenau nako kungehitaji kuuza kwanza, na Port Maddern hakuna anayenunua nyumba wakati wa baridi.

Lazima nimtendee haki Baba. Hakukaa akajikunja. Katika miji kama ile, watu wa ambulensi si waajiriwa. Ni wenyeji wanaojitolea, wanafundishwa, wanapewa sare ya kijani na peja, kidude cha kupokea wito, cha kuwekwa kiunoni. Wengi ni wastaafu, kwa kuwa karibu kila aliyebaki ni mstaafu. Baba alijiandikisha akiwa na miaka sitini na minane, akapokewa kama kijana. Alisoma usiku na mchana, akajifunza kumpa mgonjwa hewa, kusoma mapigo ya moyo, kuendesha lile gari kubwa bila kumrusha mgonjwa. Banda la ambulensi lilikuwa mwisho wa mtaa wao. Mama alihesabu hatua, mia tatu na nne.

"Ahadi yangu ndiyo hii," Baba alimwambia. "Hospitali siwezi kukusogezea. Lakini gari halitakosekana."

Mama alikubali, na nafikiri alimsamehe kweli. Kila Jumanne ya mkutano wao alioka keki ya chenga akawapelekea. "Nanenepesha ambulensi yangu mwenyewe," alikuwa akisema. Orodha ya zamu aliibandika kwenye friji kando ya kalenda ya kanisa, na kila Jumapili baada ya ibada aliisoma kwa kidole, siku kwa siku. Kila siku ilitakiwa kuwa na majina mawili. Sheria ni hiyo: mmoja anaendesha, mmoja anakaa nyuma na mgonjwa. Mtu mmoja peke yake hawezi kuliondoa gari, hata awe nani.

Ubaya wa mji wa wastaafu ni kwamba baridi ikianza, wastaafu wenyewe wanakimbia. Juni inapofika wanafunga karavani nyuma ya magari na kulifuata jua kaskazini, safari ya siku nne au tano, wanarudi Septemba wakiwa wekundu. Kati ya watu kumi na wanne wa ambulensi, walikuwa wakibaki watano. Hata hivyo orodha ilijazwa, kwa kubanana. Na siku ambayo haina majina mawili, ofisi kuu ya ambulensi ikiarifiwa mapema, ilikuwa ikileta ambulensi ya mji wa jirani kukaa nusu ya njia.

Mwenzake Baba wa zamu alikuwa Garnet Tilbrook, dereva mstaafu wa malori ya ngano, mtu mkubwa, mkarimu, mwenye sauti ya kuita mbwa aliye mtaa wa pili. Jumatatu moja ya Julai, mwaka wa sita wa kukaa kwao kule, Garnet alikuja akaegemea uzio. Baba amenisimulia mazungumzo yale mara nyingi sana, neno kwa neno, kama mtu anayebonyeza jipu.

"Elroy, mzee, nina ombi dogo."

"Ukiniomba jenereta tena nakutupa baharini."

"Jenereta ninayo. Ni zamu ya Jumatano. Alhamisi inakuja mvua kubwa, barabara ya kaskazini wataifunga. Wenzetu wa safari, akina Bev, wametangulia, wameshatushikia kiwanja. Nikiondoka kesho alfajiri napita. Nikingoja nakwama wiki mbili."

"Umempata wa kukushikia?"

"Nimemuuliza Shirl, ana miadi ya meno. Ni siku moja tu, mzee. Niwaambie ofisini?"

Baba anasema alifikiri kidogo. Ofisi wangeuliza kwa nini, wangemwandikia Garnet barua ya onyo, na mwaka uliotangulia alikuwa ameshaandikiwa moja. Na mwanaume wa kwetu rafiki yake akimwomba ruhusa ya kwenda kwenye jua, hasemi hapana. Hajui hata neno hilo linakaaje mdomoni.

"Acha jina lako palepale," Baba akasema. "Nani anaugua Jumatano? Nenda. Hakuna shida."

Mama hakuambiwa. Kwenye friji, Jumatano ilikuwa na majina mawili.

Siku ile, saa mbili na robo asubuhi, alikuwa akimenya viazi vya supu. Baba alisikia kisu kikianguka kwenye sinki, kisha hakusikia tena lile neno la ukali ambalo Mama angelisema kwa kisu kilichoanguka. Alimkuta ameshikilia ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alijaribu kusema, ikatoka sauti isiyo na umbo.

Baba alijua ni nini. Alikuwa amefundishwa. Alimlaza sakafuni kwa ubavu, akaweka mto, akatazama saa, akapiga simu ya dharura. Akatoa anwani, akatoa umri, akasema kiharusi. Msichana wa upande wa pili akamwambia kwa upole, "Tulia, bwana, nawaita watu wa ambulensi wa hapo kwenu sasa hivi."

Na peja ya kiunoni mwake ikalia.

Aliitazama. Ilikuwa imeandika jina la mtaa wake na namba ya nyumba yake.

"Ni mimi," akamwambia msichana. "Ninayeitwa ni mimi."

"Sawa, na mwenzako? Orodha yangu inaonyesha mko wawili."

"Mwenzangu hayupo."

"Atafika baada ya dakika ngapi?"

Baba anasema hapo ndipo alipoelewa amefanya nini. Kama Garnet angeaga ofisini, ambulensi ya mji wa jirani ingekuwa imekaa nusu ya njia tangu asubuhi. Sasa ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka kwao, kilomita mia moja na kumi, kwenye barabara yenye ukungu na kangaruu. Shirl alikuwa kwa daktari wa meno, na mtaani walibaki wazee wawili ambao hawakuweza kuendesha hata baiskeli. Msichana akamwambia asimweke kwenye gari lake mwenyewe, akipaliwa njiani hakuna wa kumsaidia. Baba ni mtu wa kufuata maagizo, amefanya kazi kiwandani miaka thelathini na nne. Akakaa sakafuni na kumshika mkono ule uliokuwa bado unashika. Ufunguo wa ambulensi ulikuwa kwenye msumari jikoni, juu ya kichwa chake. Hatua mia tatu na nne.

Walifika saa tatu na dakika arobaini. Kufikia saa tano walikuwa hospitali, ambako hakuna mashine ya kupiga picha ya kichwa. Ndege ikaitwa. Alipolazwa Adelaide ilikuwa saa tisa kasoro. Daktari, kijana mwenye macho yaliyochoka, alinieleza kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inafanya kazi nzuri sana, lakini ina saa zake, na saa hizo zimepita. "Kama angefika mapema," alisema, kisha akaona uso wangu na hakumalizia.

Mama aliishi wiki tano. Hakusema tena. Aliweza kuinua mkono wa kushoto na kunitazama, na mimi nilimsomea zaburi na kumwimbia sauti ya kwanza, nikiacha nafasi ya sauti yake. Siku ya tisa Baba alivuta kiti karibu, akavua kofia, akamweleza yote. Uzio, mvua, karavani, jina lililoachwa. Hakujitetea. Nilikuwa nimesimama dirishani, na ndipo nami niliposikia kwa mara ya kwanza.

"Verna," alisema mwishoni, "nilikuahidi gari."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka Baba alipotoka. Yeye anaamini alilala. Mchungaji wangu anasema huenda alikuwa akiomba. Mimi nilikuwa nimemfahamu mwanamke yule miaka arobaini na minane, na ninajua alivyokuwa anaonekana akilala na alivyokuwa anaonekana akiomba. Sitaandika ninachofikiri. Mungu anajua, na yeye ndiye hakimu wao wote wawili.

Alifariki Agosti, Jumapili, wakati wa ibada.

Garnet alirudi Septemba, nami nilikuwa bado nyumbani kwa Baba. Alikuja moja kwa moja na vumbi la safari kwenye viatu, mikononi ana samaki aliyegandishwa, amefungwa kwenye gazeti. Alilia mlangoni, mtu mkubwa vile. "Elroy, ndugu yangu. Ningejua. Ningejua nisingetoka."

Nilisimama nyuma ya Baba nikingoja. Miezi miwili nilikuwa nimengoja kusikia mtu akisema hapana katika mji ule.

"Hakuna shida, mzee," Baba akasema. Akampokea yule samaki. Akamwekea chai.

Nilitoka nje, nikatembea mpaka kwenye gati, nikakasirika kwa sauti mbele ya bahari ile nzuri. Ilikuwa ya buluu, haina habari na mtu. Nilimwomba Mungu anisamehe niliyoyasema pale, na nadhani amenisamehe, kwa kuwa ni mwenye rehema. Mimi rehema hiyo bado sijaipata ya kumgawia mtu.

Nilimsihi Baba auze aje kwangu. Nina chumba cha uani. Alikataa, na sikujua ni kwa nini, kwa sababu bahari haitazami tena na ndoano zake alimpa mtu. Mwezi Juni mwaka uliofuata ndipo nilipojua. Kwenye mkutano wa Jumanne, bila keki, alisimama akawaambia wenzake kwamba safari hii hakuna anayeondoka na jina lake likabaki kwenye orodha. Kila anayekwenda kaskazini aseme ofisini, au abaki. Shirl, aliyekuwepo, alinipigia simu kunieleza.

"Wakamwangalia kama amevua nguo," alisema. "Mmoja akamwambia, 'Elroy, mzee, tunaelewa msiba wako, lakini usitufanye sisi tuwe wafungwa.' Baba yako akamjibu, 'Mimi sizungumzii msiba wangu. Nazungumzia mke wako.'"

Hakuna aliyemwalika bia baada ya pale. Siku hizi akiingia dukani mazungumzo yanapungua. Wiki mbili baadaye Garnet alikuja tena kwenye uzio, safari hii anataka siku tatu.

"Hapana," Baba akamwambia.

"Mzee, ni siku tatu tu."

"Hapana, Garnet. Kaa, au kawaambie ofisini."

Garnet alimtazama, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemwona rafiki yake akiharibika akili. Kesho yake alfajiri aliondoka na karavani yake. Hakusema ofisini. Baba alisema mwenyewe, kwa simu, akamtaja jina, na katika mji ule hilo halitasahauliwa kabla hajazikwa.

Jana usiku nilimpigia. Nilimuuliza anakula nini, akasema supu ya kopo. Nilimuuliza orodha ya Julai ikoje. Alikwenda kwenye friji, nikasikia viatu vyake kwenye sakafu ile, akanisomea siku kwa siku. Siku saba zina jina moja tu, na jina ni lake.

"Ofisi wanajua?" nikamuuliza.

"Wanajua. Wanasema watatuma gari la kukaa nusu ya njia, likipatikana."

"Na lisipopatikana?"

Nikamsikia akiinyoosha ile karatasi kwenye friji. Nilitaka kumwambia maneno mabaya, na nilitaka kumwambia nampenda, na yote mawili yalikuwa ya kweli, basi sikusema hata moja. Nikamwambia tutaomba. Akasema sawa, mwanangu, lazima akate simu sasa, kwa sababu yuko zamu na laini isikae inatumika.